Kutembea na Yatakwisha

Jina hilo sikumpa mimi.
Alimpa Chengo, mlinzi wa nyumba ya pili,
aliyegombana na jirani juu ya mpaka wa ua
asipate la kumjibu ila mbwa:
kila jioni husimama langoni, akapaza sauti,
Yatakwisha! Njoo, Yatakwisha!
na jirani ndani akasikia, akanuna.
Chengo kahamia Mariakani.
Nimerithi mbwa, na fumbo lake juu.

Daktari naye: Sista Mbodze,
sukari yako haishuki kwa vidonge peke yake. Tembea.
Mimi, niliyezunguka wodi ya wazazi
miaka thelathini na mmoja,
naambiwa tembea.
Haya, tunatembea.

Wiki ya kwanza alinikokota
kutoka Maweni hadi karibu na soko.
Kamba ya katani ikanichuna kiganja,
shingoni mwake ikaacha mstari mwekundu.
Tukatazamana, kila mtu na kidonda chake.
Nikatwaa leso iliyochakaa,
nikaikunja mara nne, nikamshonea ukosi.
Maneno ya leso yalikatika;
ukiinama chini ya sikio la kushoto
utasoma: SI HOJA.
Kipi si hoja, kimebaki upande wa ndani.

Sasa najua.
Kamba iwe na tumbo kidogo,
kama mjamzito wa miezi minne, isizidi.
Lami ijaribu kwa mgongo wa kiganja:
ukishindwa kufika saba, geukeni,
nyayo zake hazina ndara.
Akitaka kunusa nguzo ya stima, mwache anuse,
gazeti lake ndilo hilo,
na goti langu nalo lapata kupumua.

Kwenye kona ya msikiti navuka mapema,
kabla sijatazamwa.
Namweka upande wa ukuta, nami katikati.
Watu wana udhu wao.
Baadhi yao niliwapokea kwa mikono hii,
kichwa kwanza,
mmoja miguu kwanza, usiku stima zimekatika;
leo wanakusanya kanzu
na kunisalimu kutoka ng'ambo ya barabara.
Salamu ya ng'ambo ni salamu.

Jumamosi twaenda Mambrui kwa dada yangu.
Kenga wa tuktuk anataka gunia litandikwe
na nusu nauli ya mbwa,
maana, asema, nusu ya kiti ni kiti.
Simlishi asubuhi ya safari.
Nilimlisha mara moja;
Kenga hajaacha kulitaja gunia lile.
Darajani Sabaki tunashuka sote, dakika tano.
Maji yanapita chini, mekundu, mazito,
na Yatakwisha anayabwekea
kana kwamba yamechelewa kazini.

Na yule jirani, Bwana Famau,
mwenye ua, mwenye fumbo:
miezi mitatu, kila nikiita, dirisha lilijifunga.
Kisha mkewe akalazwa.
Alfajiri moja kamba ilinitoka mkononi,
mbwa akakata mbio kuelekea kwake,
nami nikamfuata na goti langu,
nikiita, sina jingine la kuita,
Yatakwisha! Yatakwisha!

Alikuwa ameketi barazani,
chupa ya chai mapajani,
akingoja saa ya kuwaona wagonjwa.
Akainua uso.
Inshaallah, Sista, akasema.

Nikaokota kamba. Tukaenda zetu.

Ua ungali umepinda vilevile.
Naye angali husimama mbali, pindo la kanzu mkononi.
Ila juzi tulipochelewa kupita, akauliza:
Yatakwisha ana nini leo?
Mwiba, nikamwambia. Mguu wa nyuma.
Akafikiri.
Muoshe kwa maji ya chumvi, ya uvuguvugu,
akanielekeza, polepole, nisije nikasahau,
mimi, nesi.