Hodi ya Tatu

Siku ya kumi na moja ya mvua. Paneli juu ya paa
hazina la kusema. Betri: asilimia kumi na tisa.
Ndani ya friji mna insulini ya mjukuu,
na bahari hadi Castro imefungiwa boti zote.

Nimekwama kisiwani tangu Jumanne,
fundi mwenye sanduku moja la vifaa,
nikila viazi vya Doña Eduvina Barría
na kukausha soksi kwenye jiko lake la kuni.

Bandani, jenereta ya marehemu Ovidio.
Navuta kamba. Inakohoa, inatema moshi, inashika.
Naleta nyaya zake mpaka kwenye inveta,
nafunga skrubu, narudi nyuma hatua moja.

Inveta si mlango wa baa.
Haimfungulii yeyote kwa kuwa tu kaja na umeme mkononi.
Huuliza kwanza:
volti zako ngapi?
Wimbi lako linageuka mara ngapi kwa sekunde?
Umetulia, au unapanda na kushuka kama mlevi ngazini?
Taa ya kijani inapepesa. Inapepesa.
Arobaini na nne nukta mbili.
Hapana.

Hodi ya pili. Nimefungua kabureta, nimeipuliza,
nimebadilisha plagi, nimetukana kwa sauti ndogo.
Arobaini na nne nukta sita.
Hapana.

"Naweza kuilegeza," nikamwambia mama mwenye nyumba.
"Mna kipengele humu, namba kumi na moja,
kinashusha masharti. Itampokea hata huyu kilema."

Alikuwa anamenya kiazi. Hakuinua macho.
"Na friji yangu itakunywa nini?
Si huo huo ukilema?"

Nikafunga menyu.

Akavaa buti za Ovidio, zinazompwaya,
akapita mvuani bila kofia.
"Tangu afe, inanguruma chini. Husikii?"
Sikusikia. Mimi nina mita yenye tarakimu nne;
yeye ana majira thelathini na nane ya baridi,
kila chakula cha jioni kikiliwa juu ya mngurumo ule mmoja.

Akachukua bisibisi yangu, hakuomba.
Penye springi, skrubu ndogo yenye kutu:
robo mzunguko. Akainamisha kichwa.
"Bado."
Robo nyingine, pungufu kidogo ya robo.
Mashine ikapandisha pumzi.
"Hapo. Hapo ndipo alipokuwa akiiacha,
anarudi ndani kunawa mikono."

Hamsini nukta moja.
Nilitazama mara mbili.

Hodi ya tatu.
Inveta inasikiliza, na safari hii haikatai.
Inahesabu dakika nzima, maana mgeni anaweza kuwa
na adabu ya mlangoni tu.
Kisha inafanya jambo nisilochoka kulitazama:
haimburuti aliyekuja.
Yenyewe inasogeza wimbi lake, unywele kwa unywele,
kilele kikikaribia kilele, bonde likilala katika bonde,
mpaka nyumba isijue
nani anamaliza sentensi na nani ameianza.

Tak.

Sauti ndogo, kama kifungo cha shati kikiingia tunduni.
Taa ya jikoni haikushtuka.
Na mgeni hakupewa hata zile siku mbili za methali;
jembe alishikishwa papo hapo:
nyumba nzima, na amperi kumi kwenda betrini.
Ishirini. Ishirini na moja.

Niliikusanya spana moja moja, nikiogopa kugeuka.
Eduvina alikuwa bado bandani, kiganja juu ya tangi,
buti zimejaa maji.
Alipotosheka akazima tochi, akaingia,
akapita nyuma yangu hadi kwenye sinki,
akanawa mikono.