Leo Umechelewa

Asubuhi ya kwanza nilikimbia nguzo tatu.
Nguzo za umeme, si kitu cha kuhadithia:
kutoka ukuta wa skuli ya Limbani
hadi mbele ya duka la Massoud Mbarawa.
Pumzi ikakatika kama uzi wa cherehani.
Nikashika magoti, nikatazama raba zangu za mtumba,
moja ina kamba nyeupe, moja ya kijani.
Massoud alikuwa akitundika mizani.
"Mize," akaniuliza, "wakimbizwa n'nani?"

Mwanamke wa miaka thelathini na tisa,
suruali chini ya dira, ushungi umebanwa kwa pini mbili,
hakuna mbwa nyuma yake, hakuna moto, hakuna msiba:
jibu lipi lingemtosha?

Siku ya pili, nguzo tatu.
Ya tatu, tatu.
Ya nne mvua ya masika, nikalala.
Naitaja hiyo ya nne kwa kuwa ndiyo iliyonifunza:
ya tano, kitanda kilikuwa kitamu mara mbili.

Mama husuka. Ukili humtoka vidoleni
bila kuutazama, huku akigombana na redio.
Nilipomwambia nataka kufika Konde kwa mbio
alicheka hata miyaa ikamponyoka.
Kisha akasema, "Mkeka hausukwi. Husukwa ukili.
Mkeka utauona siku ya kushona."
Akauvuta ukili wa jana, akaupima kwa mikono,
akaona kosa, karibu kabisa na mwanzo.
Akaufumua.
Pima nne. Hata hakusonya.

Basi nami nikasuka barabara.
Rajabu, nguzo saba.
Shaabani, kumi na tisa, na malengelenge.
Ramadhani nikitoka baada ya tarawehe,
uji ukinicheza tumboni kama maji ndani ya dumu.

Kile kilima kirefu kabla ya Kinyasini
mimi nakiita Mkopeshaji:
ukikianza kwa pupa kinakupa, kinakupa,
halafu juu kinadai, na riba.
Mara tatu nilitapika palepale.
Mbio za sakafuni, wanasema, huishia ukingoni.
Sikuwa na sakafu. Nilikuwa na vijana wawili wa bodaboda
wakinitazama, nami nikataka wanione.
Mara ya nne nilipanda kama ninayebeba mayai.
Hawakunitazama hata mmoja. Nilifika juu.

Mfunguo pili niligusa ukuta wa kwanza wa Konde,
nikarudi kwa gari, nauli nimeikunja ndani ya soksi.

Mfunguo nne, mashindano ya Gombani.
Nilikuwa wa mwisho ila mmoja,
na huyo mmoja alifika ndani ya gari la wagonjwa.
Utepe ulikwisha kukunjwa, meza ya maji imeondoka.
Kijana mmoja alikuwa akibeba viti kichwani, vitatu vitatu.
Akasimama. Akateremsha kimoja,
akakiweka mbele yangu, akaendelea na kazi yake.
Cha plastiki, buluu, mguu mmoja una ufa.
Nikakaa.

Nilidhani kesho yake ningeamka mtu mwingine.
Niliamka na nyayo zilezile,
ukucha wa kidole gumba mweusi kama karafuu kavu,
na kitanda, kitamu.
Nikae ukingoni mwa kitanda, nihesabu sababu?
Nilikaa. Nilihesabu. Zilikuwa nyingi, na zote za kweli.
Ya tisa ilipokwisha nilifunga kamba nyeupe,
kisha nikafunga ya kijani.

Duka lilikuwa wazi, mizani imetulia.
Hakuniuliza nakimbizwa n'nani;
swali lile alikwisha kuliacha, sijui tangu lini.
Alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi,
uso wa mtu aliyepunjwa robo ya sukari:
"Mize," akasema, "leo umechelewa."