Kwa Aliyeinunua Nyumba, Kuhusu Mzabibu

Bwana Cherutich,
funguo ziko kwa jirani wa lango jeusi,
bomba la jikoni huvuja likikazwa sana,
hayo utayajua mwenyewe usiku wa kwanza.
Ninaloandikia ni mzabibu.

Umetandaa veranda nzima juu ya waya za simu
alizookota Mukhwana kando ya reli
mwaka ule nguzo zilipong'olewa.
Usiuhurumie. Huruma ndiyo iliyotuponza:
miaka mitatu ya mwanzo hatukugusa hata jani,
tukapata kivuli cha kuchambulia maharagwe
na zabibu za kuhesabika, chachu kama deni.

Hapa Nakuru hakuna baridi ya kuulaza.
Hautapukutisha majani ukuambie, haya, kata.
Utaota mwaka mzima kama maneno ya mlevi
usifike popote.
Basi uulaze wewe.
Mvua ya Agosti ikishachoka,
Menengai ikishaoga ikakauka,
nyonyoa majani yote kwa mkono
mpaka ibaki mifupa na aibu.
Majirani watauliza umekukosea nini.
Ngoja siku mbili tatu. Noa mkasi, uupanguse kwa spiriti.

Usikate Februari, hata mtu akuapie.
Maua yakikutana na mvua ndefu
ukungu huyapaka poda
na harusi inaishia hapo.

Sasa, wapi.
Shina na ile mikono miwili mikuu usiiguse, hiyo ni nyumba.
Tafuta vitawi vya mwaka jana,
vyenye rangi ya chai iliyokosa maziwa,
vigumu, ukivipinda vinalia.
Hesabu kuanzia chini: jicho, jicho.
Kata upana wa kidole juu ya la pili,
mkato wa mshazari, uinamie upande usio na jicho,
maji yasije yakalilowesha likaoza.

Utalia. Nasema mzabibu.
Tone kwa tone, siku nne, pengine tano,
hadi sakafu ilowe.
Mara ya kwanza nilileta kitambaa nikaufunga kidonda,
Mukhwana akacheka mpaka akakohoa.
Usifunge. Hunyamaza wenyewe.

Yeye ndiye aliyekuwa akikata.
Tangu mikono ianze kumtetemeka
huketi kwenye kiti cha plastiki, ananyoosha fimbo:
kile. La, cha chini yake. La, mama, la.
Mkasi ni mimi.
Tumegombana juu ya jicho la tatu
kuliko tulivyowahi kugombana juu ya pesa.
Mawili, anasema, mawili tu,
huu ni mti, si mkutano wa chama.
Nami mawili ndiyo niliyopewa,
na ni mangapi yamenipita mbele ya pua!

Vilivyoanguka vichome, usiviache chini,
maradhi hulala humo.
Ila vilivyonyooka, vya unene wa penseli, weka:
sisi tumebeba vinane kwenye gazeti bichi
hadi Kimilili. Mukhwana alivipakata njia nzima
na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka
sikuona mikono yake ikitikisika,
au labda ni gari lililotikisika zaidi.

Januari vichala vikianza kuingia rangi
kuzumburu watafika kabla yako.
Funga neti. Waachie kimoja, watakiiba hata hivyo.

Jambo la mwisho.
Upande wa jikoni, nyuma ya tangi,
fimbo yake isikofika,
kuna kitawi nilichokiachia macho matatu.
Kikizaa, kula kimyakimya.
Kisipozaa, tafadhali, usipige simu,
kwa sababu simu anaipokea yeye.

Nasipwondi