Lango la Nyuma

Kijiti cha pamba, sekunde thelathini ndani ya shavu,
na mbwa asile kitu saa nzima kabla:
ndivyo yalivyosema maelekezo.
Baba alimshika Brina kidevu kama kinyozi,
mimi nikasugua, nikahesabu,
naye akatutazama kwa zamu
kama mtu anayeulizwa jina lake na jamaa zake mwenyewe.

Hatukuwa sisi tuliotaka kujua.
Ni Daktari Zaccherini, wa meno, wa Bologna,
aliyemwona Oktoba akifukua chini ya mwaloni
akaibuka na uyoga wa ardhini, mweupe, sawa na ngumi ya mtoto,
unanuka kitunguu saumu na gesi ya jikoni,
akauweka kiganjani mwa baba bila alama ya jino.
"Akiwa lagotto halisi nanunua watoto wake wote,
euro elfu mbili kila mmoja.
Ila nataka karatasi.
Huo mkia unanitia shaka."

Mkia!
Miaka mitano umepiga miguu ya meza yetu
na hakuna aliyeuliza umetoka wapi.
Mgongoni manyoya yamejisokota kama ya Gilda, mama yake;
lakini masikio, yakilowa, yananing'inia kama soksi kambani,
na akisikia sungura anasahau shule yote.

Tulingoja wiki tatu.
Wiki tatu sikulala, na sikumwambia mtu sababu.

Majira yale Gilda alikuwa kwenye joto, amefungiwa uani.
Dume lilikuwa Imola, la nasaba, la euro mia nne, na siku imeshapangwa.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa
na kijana mwenye pikipiki.
Nilirudi saa nane usiku, viatu mkononi,
nikalisukuma lango la nyuma kwa nyonga
na sikungoja komeo lilie.

Asubuhi lango lilikuwa limefungwa.
Gilda amelala.
Barabarani, mbwa mwekundu wa wawindaji, sikio limechanika,
anajiramba taratibu
kama fundi aliyekwisha lipwa.

Gilda akapelekwa Imola vilevile. Mia nne zikatoka.
Mimi nikanywa supu yangu, nikanyamaza,
na siku sitini na tatu tulibeba mimba wawili,
yeye yake, mimi ya maneno.
Alizaa mmoja tu. Mimi sikuzaa.

Jana majibu yamefika.
Hamsini kwa mia, lagotto.
Arobaini na nne, mbwa wa kufukuzia sungura.
Sita zilizobaki, wenyewe wameshindwa.

Baba alivaa miwani, akasoma, akarudia,
kidole kikifuata mstari kama anatafuta mwiba.
Nilisubiri ailaani Imola,
nilisubiri adai mia nne zake.
Akasema, macho bado kwenye karatasi:
"Usiku ule ulikanyaga matope.
Nilizifagia nyayo zako kabla mama yako hajaamka.
Lango nililifunga mimi."

"Kumbe ulijua."

"Nilijua umerudi salama.
La mbwa sikuwa na hakika."

Akaikunja karatasi mara nne,
akaisokomeza chini ya mguu wa kabati unaocheza.
Simu ya Bologna ililia wakati wa chakula, akaipokea huku anatafuna:
"Hapana, Daktari. Mbwa tunaye. Karatasi imepata kazi nyingine."

Alfajiri hii kuna jalidi, nyasi zinavunjika chini ya buti.
Brina ametangulia, mkia juu kama bendera ya nchi isiyo kwenye ramani.
Baba amepita langoni na jembe lake dogo,
hakugeuka; ameniachia nyuma.
Nikalivuta lango. Komeo likalia, tak.
Nikalifungua,
nikalifunga tena kwa nguvu,
ili na yeye asikie.