Hewa ya Mwaloni

Maktaba, ndivyo tunavyoiita, ingawa haina rafu
wala mtu wa kukunyamazisha.
Ni fungu la maagizo: namna ya kumuuliza mzani
na namna ya kusikia jibu.
Wengine huikuta imeshapikwa. Wanapakua, wanakula.
Kompyuta ya Bahebe, kuukuu, imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
haikupikiwa na mtu.
Nikachukua chanzo chenyewe, kibichi,
saa sita usiku, bando likiwa nafuu,
chumbani kwangu Igogo, juu ya mawe,
ambako hata saruji hupanda kichwani mwa mtu.

Nikaiambia: jijenge.
Ikasema, siwezi, namkosa fulani.
Nikamtafuta fulani. Fulani naye
hatoki nyumbani bila binamu yake,
na binamu anataka toleo la tatu, si hili la pili.
Nikazunguka hivyo hadi saa nane,
kama mtoto aliyetumwa chumvi
akaambiwa kwanza alete kijiko,
na mwenye kijiko amelala.

Kisha mistari ikaanza kuporomoka kwenye skrini.
Asilimia nne. Tisa. Thelathini na moja.
Feni ikalia; nikaiwekea sahani ya bati chini ipoe.
Sabini na tatu,
umeme ukakatika.
Mlima mzima ukaguna kwa sauti moja.

Uliporudi sikuwa na moyo wa kutazama.
Lakini haikuanza upya.
Ilipita juu ya kilichokwisha kujengwa,
ikigusa kimoja kimoja, kama fundi anayegonga tofali asikilize,
ikaendelea na sabini na nne.
Mimi siwezi hivyo. Mimi nikikatizwa
huanza na kulia.

Kusakinisha kulitaka nywila ya mwenye mashine.
Ilikuwa jina lake na moja. Sikushangaa.
Ikaingia, ikawekwa mahali pake,
na bado programu ikasema haijaiona.
Hapo nikakumbuka: mgeni anayehamia usiku
si mtu wa mtaa mpaka mjumbe amwandike.
Nikamwandikisha. Amri moja, basi.

Asubuhi, Mwaloni, Kirumba, nikaunga kebo.
Mzani mtupu, umeoshwa, unang'aa.
Nikauuliza: umebeba nini?
Gramu mia tatu arobaini.

Nikauliza tena.
Mia tatu arobaini.
Nikachungulia chini ya sahani: vumbi la dagaa,
halijazi hata kijiko.

"Umekosea kuijenga," Bahebe akasema.
Nikafungua chanzo mbele yake, mstari kwa mstari,
mahali namba inapoingia, mahali inapotokea.
Katikati hakuna mkono wa mtu.
Kilichotamkwa na mzani ndicho kilichofika.
Kioo cha upande wa wateja kilikufa mwaka juzi;
tangu hapo yeye husoma, wao huamini.

Akakohoa. Akasogeza kiti.
"Hiyo haiwezi kufichwa huko ndani?"
Inaweza, nikamwambia. Mstari mmoja tu.
Ila kila atakayefungua ataukuta,
na tarehe, na jina langu.

Nyanzobe alikuwa wa kwanza kwenye foleni,
ndoo mbili, mguu mmoja juu ya nyingine.
Mashine ya risiti, ambayo nilikuwa sijaizima,
ikatoa ulimi wake mweupe.
Bidhaa: wazi. Uzito: 340.
Akaichana, akaisoma mara mbili,
akatazama mzani usio na kitu,
akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.
Midomo yake ikatembea kidogo, ikihesabu
safari za mwaka juzi, za mwaka jana.

"Bahebe," akasema, kwa upole kabisa,
"hewa ya hapa kwako
kilo shilingi ngapi?"