Mahali pa Kupiga Makofi

Mukalay alinionya: Mjomba, usije na masikio ya kanisani.
Lakini ndiyo niliyo nayo.
Miaka ishirini na sita nafundisha kwaya Katuba;
soprano wakishuka nusu sauti najua kabla hawajafumba mdomo,
na mfukoni natembea na uma wangu wa chuma,
ule wa kupimia la,
kama wengine wanavyotembea na rozari.

Gereji ilikuwa nyuma ya duka la matairi, Kamalondo.
Viti vya plastiki kumi na viwili, watu tisa,
na mbwa aliyeondoka mapema, mwenye akili kutuzidi.
Mezani: redio iliyochunwa ngozi, matumbo yake nje,
kipande cha bati, springi ya kitanda,
na msichana anaitwa Nsenga, ovaroli, bila tabasamu,
waya mdomoni kama mshonaji anavyouma pini.

Nikangoja aanze.
Alikuwa ameanza.

Nilidhani kuna kitu kimekatika.
Nikatazama waya, nikatazama spika,
nikamtazama Mukalay: kafumba macho kama anayekula embe.

Kelele ile haikupita mlango wa masikio.
Iliingia kwa meno. Kwa mbavu. Kwa goti langu bovu la kushoto.
Lori linamwaga changarawe na halimalizi kumwaga.
Mafuta ya moto yanamlaki samaki, na samaki ni wewe.
Nilitafuta mdundo, sikuuona.
Nilitafuta mwisho wa ubeti, pa kuvuta pumzi, pa kusema amina.
Nilihesabu nne kwa nne; ikanimeza kwenye mbili.
Nikakasirika, nasema kweli.
Hata mimi naweza, nikajisemea, nikiangusha kabati la vyombo.

Dakika ya ngapi sijui,
hasira ikachoka kabla ya kelele.
Na nilipoacha kusukumana nayo
kumbe haikuwa kitu kimoja:
chini, mngurumo mnene uliolala kama ng'ombe;
juu yake mvua ya Januari ikipiga mabati;
na katikati, mwembamba kama uzi,
mluzi ukipanda, ukipotea,
ukirudi umebadili nguo.

Baba alilisha tanuru la shaba miaka thelathini,
chini ya ile dohani ndefu inayochungulia kila lupango.
Alirudi nyumbani akisema kwa sauti kubwa hata siri.
Akiomba chumvi ya bukari, majirani walisikia.
Tulicheka.
Usiku aliziba sikio kwa kiganja,
na mama akimuuliza, alijibu: Bado inaendelea.
Sikuwahi kuuliza ni nini.

Nsenga hakumjua baba. Sitaki kumbebesha.
Nasema tu kwamba nilibaki kitini.
Nikautoa uma mfukoni. Sikuugonga popote.
Ulikuwa unatetemeka wenyewe.

Halafu umeme ukakatika.

Giza. Hakuna aliyethubutu kusogea;
labda nayo ni sehemu yake.
Ng'ambo ya ukuta mtu akavuta kamba ya jenereta,
mara moja, mara mbili; ikakohoa, ikashika,
na sisi wote tisa tukaisikiliza kwa heshima,
ilivyokwaruza, ilivyopoteza pumzi na kuipata tena,
mama mmoja akitikisa kichwa, "ehee", polepole,
mpaka Nsenga akawasha tochi ya simu:
Jamani, mimi nimekatwa zamani.
Huyo ni Papa Kyungu, anapoza bia zake.

Tukapiga makofi.
Sijui tulimpigia nani.

Tulirudi kwa miguu, vumbi jekundu, masikio yamejaa pamba.
Mukalay alifungua mdomo, nikaona tu midomo:
Umeonaje, Mjomba?
Nikamjibu kwa upole kabisa, kama siri,
na barabara nzima ikageuka kututazama.