Swali la Kumi na Nne

Kwenye fomu, swali la kumi na nne ni neno moja tu,
na mgeni akilitamka midomo yake haifungi vizuri:
fia.
Ndivyo sikio langu la Birere lilivyolipokea,
fia, kama kufia njiani, kufia ugenini.
Nikacheka kidogo. Akauliza kuna nini.
Hakuna, madamu, kalamu imeteleza.

Mimi ni mkalimani wa kutwa, nalipwa jioni.
Maneno nayasukuma kama chukudu ya makaa:
mzigo mbele, breki ni kisigino.

Nikaandika hofu. Nikaifuta.
Hofu ni neno la misahafu na redio,
lilikuja na wauza vitambaa kutoka mbali,
likafika ziwani likiwa na viatu.
Nikaandika woga. Woga hauna viatu.
Woga unakaa tumboni, unajua choo kiko wapi.

Kuna na kucha.
Katekista Birindwa alitufundisha kumcha Mungu,
nami, miaka saba, jino la mbele limeng'oka,
nilielewa kwamba Mungu ni kitu kinachopambazuka.
Sijawahi kujisahihisha.

Mbele yetu ameketi Kahambu, muuza sombe wa Majengo,
vidole bado kijani.
Namuuliza: ule usiku mlima ulipopasuka,
anga nyekundu mpaka ndani ya masufuria,
ulisikia woga gani?

Ananitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza.

"Woga iko ya batu benye kuwa na wakati.
Miye nilikuwa na batoto batatu na godoro moya.
Njia yote nilikuwa nahesabu:
moya, mbili, tatu, godoro.
Moya, mbili, tatu, godoro.
Kufika Sake nikahesabu tena.
Godoro haiko.
Njo pale nilianza kutetemeka.
Juu kama godoro inaweza kutoka ku kichwa yangu
na miye naendelea kuihesabu..."

Hakumaliza. Akachukua fundo la sombe, akalifungua, akalifunga.

Saa ya chai mgeni akaniambia alichosoma:
zamani sana, kwa wahenga wake,
neno lile halikuwa la moyo.
Lilikuwa jina la tukio lenyewe,
balaa la ghafla, watu wanaokurukia kutoka kichakani.
Kisha karne zikapita, likaingia ndani pole pole,
likavua viatu mlangoni,
likawa hisia.

Barabara zenu zilitulia, nikawaza. Sikusema.
Sukari ilikuwa imekwisha.

Kwetu bado liko nje.
Kwetu mazuku hulala bondeni, haina rangi, haina harufu,
mbuzi akishuka kufuata majani hapandi tena.
Hakuna anayesema, naogopa mazuku.
Tunasema: mazuku iko pale, pita juu.
Na kuta zetu tumezijenga kwa mawe meusi
yaliyowahi kutukimbiza yakiwa uji.
Watoto huyaegemea wakisubiri mpira urudi.

Nikarudi kwenye fomu.
Kisanduku ni kidogo, kimepimwa kwa kidole cha mtu mwingine.
Nikaandika: godoro.
Mgeni akasoma, akatafuta katika kamusi yake,
akarudi kwangu na uso wa mtu aliyepotea Katindo.
Hii ndiyo tafsiri?
Nikasema, kwa leo, ndiyo.

Alinilipa bila kukata kitu.

Usiku ardhi ikajikuna, mara moja, kama ng'ombe ukutani.
Maji ya gilasi yakachora duara, yakalifuta.
Kutoka gizani Aksanti, mwanangu, akaita:
Mama, kumekucha?
Sikujua anauliza kucha ipi.
Nikapapasa mkeka hadi nikampata mguu.

Moja, nikahesabu.
Nikaanza tena. Moja.